Kawia Ufike: Habari ya Ndege Iliyoanguka Ziwani Bukoba, na Sababu Zake

Katika kitabu hiki cha Jubilei wengine wameandika habari za kuja kwa Injili katika nchi yetu, na za kujengwa kwa makanisa, na za maisha ya wazee waliotutangulia. Mimi niliagizwa kuandika habari ya jambo moja lililotupata sisi watu wa Ziwa, ambalo Kanisa liliomboleza pamoja na taifa zima. Nimechagua habari ya ndege iliyoanguka Bukoba siku ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022. Nimeichagua kwa sababu watu wengi waliisema siku zile, na mengi yaliyosemwa hayakuwa ya kweli. Na neno lisilo la kweli juu ya kifo cha mtu huwadhuru walio hai.

Nakumbuka jinsi habari ile ilivyotufikia hapa Nyakunguru. Watu walikuwa wakitoka katika ibada ya asubuhi, wengine wangali wakisalimiana mlangoni, ndipo simu zikaanza kulia. Mmoja akasema ndege imezama ziwani, mwingine akasema watu wote wamekufa, na wa tatu akasema wote wameokoka. Hata ilipokuwa jioni tulikuwa tumejua kwamba waliokufa ni wengi na waliookoka ni wengi. Nasi tukawaombea wote.

Lakini baada ya kuomba, watu walikaa chini ya mti wakaanza kutafuta sababu. Mzee mmoja akasema, “Jambo kama hili halitokei bure, yupo mtu aliyelifanya usiku.” Mama mmoja akasema kwamba ni Mungu aliyewaadhibu, maana dunia imeharibika. Kijana mmoja akasema, “Ni rubani tu, hakujua kazi yake.” Wa mwisho akatikisa kichwa akasema, “Ajali haina kinga,” na wote wakanyamaza, kana kwamba shauri limekwisha. Mimi nilirudi nyumbani sina raha. Nikajiambia ya kuwa majibu haya manne yote yanafanana kwa jambo moja: kila moja linamwondolea mtu kazi ya kuuliza zaidi. Basi nikaanza kusoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba ndege si jambo geni katika nchi hizi, ingawa wazee wetu waliziita eropleni na kuzikimbilia nje kuzitazama. Mwezi wa Februari 1920 ndege kubwa ya Waingereza iliyokuwa ikisafiri toka London kwenda Afrika ya Kusini ilianguka Tabora, wala haikuendelea na safari yake. Kwa neema ya Mungu waliokuwamo hawakufa. Mwaka 1931 shirika la Waingereza lililoitwa Imperial Airways lilianza safari za kuleta barua kutoka London hata Mwanza, na tangu hapo watu wa pande zote za Ziwa wakazoea kuona vyombo vya angani.

Sisi wa Tarime na Serengeti twakumbuka tena habari ya kijana wa Ujerumani, Michael Grzimek, aliyekuwa na umri wa miaka 24. Yeye na baba yake, Bernhard Grzimek, walikuwa wakiwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa peke yake katika ndege yao ndogo, ndipo tai mkubwa akaligonga bawa. Bawa likapondeka, ndege ikawa haiongozeki, naye akafa. Alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Naitaja habari hiyo mwanzoni kwa kusudi, ili msomaji ajue kwamba ziko ajali ambazo mwanadamu hakuzitengeneza. Tai hakutumwa na mtu, na yule kijana hakukosa. Lakini hata hapo sababu ilikuwapo, na watu waliitafuta wakaiona: alama ya mgongano katika bati la bawa. Kutokuwa na mkosaji si kutokuwa na sababu.

Sasa nieleze habari yenyewe ya Bukoba.

Ndege ile ilikuwa mali ya shirika la Precision Air, ya namna iitwayo ATR 42, yenye injini mbili za kuzungusha pangaboi. Si ndege kubwa kama zile ziendazo Ulaya. Ni ya kuchukua watu wasiofika 50, nayo imefanywa kwa ajili ya viwanja vidogo kama vya kwetu. Asubuhi ile iliondoka Dar es Salaam kwenda Bukoba, na kutoka huko ilikuwa iendelee mpaka Mwanza. Ndani yake walikuwamo watu 43: abiria 39, marubani wawili, na watumishi wawili wa kuwahudumia abiria. Karibu safari nzima ilikwenda salama. Walivuka nchi yote toka pwani hata Ziwa bila neno.

Walipofika karibu na Bukoba walikuta hali ya hewa ni mbaya. Mvua ilikuwa ikinyesha na mawingu yalikuwa chini. Abiria waliookoka walisimulia kwamba ndege ilitikisika sana, na mara, pasipo kutazamia, wakajiona wamo majini. Ilikuwa yapata saa mbili na dakika 50 asubuhi. Ndege iliingia ziwani mahali palipokuwa mbali na mwanzo wa kiwanja kwa mita 500 hivi tu. Watu 19 wakafa, pamoja na marubani wote wawili. Watu 24 wakaokoka. Siku ya pili yake, tarehe 7 Novemba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawaongoza watu kuwaaga marehemu katika uwanja wa Kaitaba pale Bukoba mjini.

Mita 500! Mtoto wa shule hukimbia umbali huo bila kupumzika. Ndege iliyokwisha kusafiri zaidi ya kilometa elfu moja ilipotea pale ambapo mtu aliyesimama kiwanjani, kama pasingekuwa na mvua, angeweza kuiona kwa macho. Hili ndilo lililowafanya watu wengi waone kwamba lazima pana jambo la siri. Lakini wajuao kazi ya ndege hawakushangaa, maana wao wanafahamu kwamba hatari kubwa ya safari haiko katikati. Iko mwanzoni wakati wa kuruka, na zaidi iko mwishoni, wakati wa kukaribia kiwanja na kutua.

Naomba nieleze sababu yake kwa maneno mepesi. Ndege iliyo juu angani ina vitu viwili vya kuitunza, yaani mwendo na urefu wa juu. Ikipatwa na shida, rubani ana nafasi ya kufikiri na kutengeneza. Lakini ikaribiapo kutua haina budi kupunguza vyote viwili pamoja. Aghalabu huteremka kwa mteremko mdogo, kiasi kwamba kwa kila kilometa moja iendayo mbele hushuka mita 50 hivi, ipate kupita juu ya mwanzo wa kiwanja ikiwa bado imebaki na mita 15. Basi mwalimu aweza kuwafanyisha watoto hesabu hii ubaoni: ndege iliyobakiza mita 500 kabla ya kiwanja yapasa iwe juu mita ngapi? Jibu ni mita 40 hivi. Pale pale ambapo ndege ya Bukoba iligusa maji, ndege iteremkayo kwa kanuni huwa bado iko juu kuliko mnazi mrefu. Na kwa mwendo wa ndege za namna ile, kutoka hapo hata kiwanjani ni kama sekunde 10 tu. Hivyo nafasi ya kosa ni ndogo sana, na nafasi ya kulitengeneza ni ndogo zaidi.

Basi kwa nini ndege ilikuwa chini kiasi kile? Serikali iliweka wachunguzi, nao wakasaidiwa na wataalamu kutoka Ufaransa, ambako ndege zile huundwa. Ndege huwa na vyombo viwili vinavyohifadhi habari ya safari: kimoja huandika mwendo wake, na cha pili hushika sauti za marubani. Kwa vyombo hivyo mambo ya dakika za mwisho hujulikana, hata wenyewe wakiwa wamekufa.

Sababu ya kwanza ni hali ya hewa. Mvua na mawingu ya chini yaliwaficha marubani kiwanja. Kila mtu wa Ziwa anajua kwamba mvua yetu huja upesi, na kwamba saa moja ufuko huwa mweupe kwa jua, na saa ya pili huoni mtumbwi ulio mbele yako. Lakini hali ya hewa peke yake haiangushi ndege ya namna hiyo. Mvua ile haikuvunja bawa wala kuzima injini. Mvua iliondoa kuona. Na mtu asiyeona anaweza bado kusimama.

Sababu ya pili ni mahali penyewe. Kiwanja cha Bukoba kiko ukingoni kabisa mwa Ziwa, na upande wa magharibi pana vilima. Kwa hiyo ndege hukijia kwa kupita juu ya maji. Na maji, hasa wakati wa mvua, humdanganya mwenye kuyatazama toka juu. Juu ya nchi kavu rubani huona miti, nyumba, ng'ombe na njia, na kwa vitu hivyo hujua yuko juu kiasi gani. Juu ya maji ya kijivu chini ya mbingu ya kijivu hakuna kitu cha kupimia. Wavuvi wetu wa Musoma na Shirati wanalifahamu jambo hili: usiku wa ukungu hata mzoefu hudhani pwani iko mbali, kumbe chombo kimekwisha kupanda mchanga.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni ya kibinadamu. Wachunguzi walieleza kwamba ndege ilikuwa ikiteremka kwa kasi kupita kiasi, na kwamba chombo cha kuonya kilichomo ndani yake kilitoa sauti ya kuwaambia marubani kuwa wanashuka upesi mno. Wala ndege haikuinuliwa. Huenda msomaji akasema, “Je, walikuwa viziwi?” La. Kanuni ya kazi yao ni kwamba rubani anayekaribia kiwanja ana kikomo cha kushuka. Akifika katika kikomo hicho asikione kiwanja, hana ruhusa ya kushuka zaidi. Hana budi kuinua ndege, kurudi juu, na kujaribu tena au kwenda kiwanja kingine. Lakini mtu anayetafuta kitu kwa macho, hasa kitu ambacho anajua kipo karibu, moyo wake wote huingia machoni. Masikio yapo, lakini hayapeleki habari. Mama anayemtafuta mtoto wake sokoni hasikii aitwapo jina. Na vyombo vya mbele yake, ambavyo vingemwambia urefu wa juu uliobaki, havitazami, kwa kuwa anatazama nje.

Tena rubani si mmoja. Wako wawili ili mmoja akikosa wa pili amkumbushe. Hii ni hekima ile ile tuliyo nayo katika Kanisa, ya kutuma wawili wawili. Lakini hekima hiyo hukoma kufanya kazi ikiwa wote wawili wanatazama mahali pamoja, au ikiwa mdogo anaona haya kumwonya mkubwa. Silisemi hili juu ya marubani wa Bukoba, wala sina haki ya kulisema. Nalisema kwa sababu katika nchi nyingi za dunia wachunguzi wamelikuta, na mashirika yamelazimika kuwafundisha marubani wadogo kusema kwa sauti, na wakubwa kusikia bila kukasirika.

Ajali ya Bukoba si ya pekee katika Afrika ya Mashariki. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ndogo ya jeshi la anga la Kenya, iliyoundwa China, ilianguka Marsabit ilipokuwa ikikaribia kutua. Mlima wa Marsabit umesimama peke yake katikati ya nchi kame, nao hukusanya ukungu. Siku ile ukungu uliufunika. Katika watu 17 waliokuwamo, 14 walikufa. Walikuwako wabunge, mmoja wao Bonaya Godana, na pamoja nao Askofu William Waqo wa Kanisa la Anglikana. Walikuwa wakienda kupatanisha makabila yaliyopigana, maana mwezi wa Julai 2005 watu wengi, na watoto wa shule kati yao, walikuwa wameuawa mahali paitwapo Turbi. Sisi Wakurya, ambao koo zetu zimeuana kwa ajili ya ng'ombe na mipaka ya mashamba, twajua thamani ya mtu anayesafiri ili kupatanisha. Walikuwa katika kazi njema, na bado mlima haukuwahurumia. Wema wa safari hauondoi ukungu.

Tena tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo yenye injini moja iliondoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu 10. Ilipita katika mawingu ikiwa chini kuliko urefu unaofaa kuvuka safu ya Aberdare, ikaugonga mlima, na wote wakafa. Iliwachukua watafutaji siku mbili kuiona, kwa ajili ya ukungu na mvua. Marsabit, Aberdare, Bukoba: mahali ni patatu na mashirika ni mbalimbali, lakini habari ni moja. Injini zilikuwa zikiendelea, wanadamu walikuwa wazima, na chombo kizima kikapelekwa katika ardhi au maji ambayo waliokiongoza hawakuyaona. Wajuzi wa kazi hii wanasema kwamba ajali za namna hiyo zimeua watu wengi sana tangu ndege zilipoanza kuruka, na kwamba dawa yake inajulikana: usishuke chini ya kikomo usipoona, na ukiwa na shaka, inua.

Wala jambo hili si la ndege peke yake. Meli ya MV Bukoba, iliyopinduka tarehe 21 Mei 1996 na kuua watu zaidi ya 800, ilikuwa imevuka Ziwa usiku kucha, na Mwanza haikuwa mbali tena. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gati la Ukara; watu 228 wakafa. Vyombo vile vilichukua watu kupita kiasi, na hiyo ni sababu nyingine. Lakini tazameni mahali vilipoangukia. Mwanadamu akiona mwisho wa safari, moyo wake hutangulia kufika na kukiacha chombo nyuma.

Sasa nije katika sehemu ya pili ya habari, ambayo watu wengi huisahau. Sababu za kuanguka ndege si zile zile za kufa kwa watu. Kama watu 43 wangalikufa wote kwa kishindo, maneno yangeishia hapo. Lakini haikuwa hivyo. Wengi walikuwa hai baada ya ndege kuingia majini. Mkuu wa Mkoa alisema asubuhi ile kwamba hata marubani walikuwa wangali hai ndani ya chumba chao, na kwamba waliwasiliana na watu walio nje. Kichwa cha ndege kilikuwa kimezama na mkia ulikuwa juu, ndiyo sababu wengi wa walioketi nyuma walipata kutoka.

Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana aitwaye Majaliwa Jackson, alijulikana baadaye nchi nzima. Alijitahidi pamoja na wenzake kuwatoa abiria kwa mlango wa nyuma, akasimulia kwamba alijaribu kuwafikia na marubani, hata kamba iliyokatika ikampiga, akazirai. Watu wengi wa mji wakashika kamba wakaivuta ndege kuelekea ufukoni. Walifanya walivyoweza kwa mikono yao. Lakini wachunguzi katika taarifa yao ya kwanza walitaja kwamba uokoaji ulichelewa, na kwamba wenye kazi ya kuokoa majini walipungukiwa na vifaa, hata hewa ya kupumulia ya wazamiaji na mafuta ya mashua. Kiwanja kilikuwa ukingoni mwa maji kwa miaka mingi, na kila ndege ilipita juu ya maji hayo. Lakini maandalizi ya siku ambayo ndege ingeingia majini hayakutosha. Hapa nimekumbuka methali yetu: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi tuirudie ile baraza ya chini ya mti, tujibu.

Kwa mzee aliyesema kwamba yupo mtu aliyelifanya usiku, namjibu kwa heshima: Baba, tumeona kila hatua kwa mchana. Mvua ilifanya kazi yake, maji yakafanya kazi yake, macho yakafanya kazi yake, na masikio yakaacha kazi yake. Hakuna pengo lililobaki la kumtia mchawi. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu katika mikoa hii ya Ziwa wameuawa wanawake wazee, wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, kwa kuwa watu walipofiwa hawakutafuta sababu bali walimtafuta mtu. Kila mara tunapokubali jibu la uchawi pasipo kuuliza, tunamnolea mtu panga.

Kwa mama aliyesema kwamba ni adhabu, namkumbusha habari iliyo katika Injili ya Luka, juu ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Bwana wetu aliulizwa habari za namna hiyo, naye alikataa kabisa kusema kwamba wale walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Badala yake aliwageuzia maneno wale walio hai, wajitazame wenyewe. Bukoba walikufa 19. Ikiwa Bwana hakuwahukumu wale 18, sisi ni nani tuwahukumu hawa 19?

Kwa kijana aliyesema kuwa ni rubani tu, namjibu hivi: Kweli kosa la mwisho lilikuwa katika chumba cha marubani, lakini kosa la mwisho si kosa lote. Marubani wale nao walikufa. Walikuwa na wake na watoto, au wazazi, waliowangoja. Walitaka kuwafikisha watu. Ukimlaumu mmoja na kwenda zako, utaacha palepale kiwanja kisicho na maandalizi, na desturi ya haraka, na woga wa mdogo kumwonya mkubwa. Na kesho rubani mwingine ataikuta mitego ile ile.

Na kwa yule aliyesema ajali haina kinga, nasema kwamba methali hiyo ni nzuri kwa kumfariji mfiwa, lakini haifai kumfundishia mtoto. Tai wa Serengeti hakuwa na kinga. Mambo ya Bukoba yalikuwa nayo, tena si kinga moja. Mungu hakutupa akili ili tuzifiche nyuma ya methali.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma safari ya Paulo Mtume kwenda Rumi. Aliwaonya wasiendelee, kwa kuwa majira yalikuwa yamepita. Lakini akida alimsikiliza nahodha na mwenye meli zaidi, nao walitaka kufika bandari iliyo njema zaidi ya kukaa wakati wa baridi. Wakaenda, wakavunjikiwa. Hata hivyo watu 276 wakaokoka wote, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Naona katika habari hiyo mambo yote mawili tuliyoyasema: sauti ya kuonya isiyosikiwa, na watu kusaidiana kufika pwani. Wala Paulo hakukaa kimya kwa sababu alikuwa mfungwa tu kati ya wakubwa.

Wasomaji wangu, huenda mkasema kwamba wengi wetu hapa Nyakunguru hatutapanda ndege maisha yetu yote. Sisi huziona tu zikipita juu kwenda Serengeti na wageni. Ni kweli. Lakini tunapanda pikipiki katika mvua, tukimwambia kijana, “Kaza, tumekaribia.” Tunavuka vijito vinavyoingia Mto Mara wakati maji yamejaa, kwa kuwa nyumbani kunaonekana ng'ambo. Tunapakia lori watu na mizigo siku ya mnada, na mteremko wa mwisho ndio unaotuua. Hapo nasi tuna kikomo chetu: ukifika mahali huoni, simama. Anayeendesha asione haya kurudi, na anayepakiwa asione haya kusema. Mtoto akisema, “Baba, maji ni mengi,” asipigwe.

Walimu, nawaombeni mambo mawili. La kwanza, wafundisheni watoto hesabu ile ya mita 40, wapate kuona kwa akili zao kwamba kifo kikubwa kama kile kina maelezo. La pili, wafundisheni kuuliza “kwa sababu gani?” kabla ya kuuliza “ni nani?” Swali la kwanza huleta kinga, na la pili, likitangulia, huleta damu.

Dayosisi yetu nayo imo safarini, na siku ya Jubilei watu huona kama wamekwisha kufika. Tusilegeze macho wala tusizibe masikio kwa furaha. Wazee wetu wa Kiswahili walisema neno fupi: Kawia ufike. Na tuwakumbuke mbele za Mungu wale 19 wa Bukoba, na wavuvi waliowaacha nyavu zao wakaenda kuokoa. Bwana awape marehemu pumziko la milele, awafariji waliofiwa, na atujalie sisi tulio hai moyo wa kusikia tunapoonywa. Amina.